Mpira wa kunyonya ulivyonifundisha kufunga mashine ya kupulizia dawa

Mashine tuliinunua kuukuu: tangi la lita 600, bumu (ule mkono mrefu wa kupulizia) la mita 12, na pampu ya diaframu inayozungushwa na PTO, ile shafti ya nyuma ya trekta. Mipira yote ya kupitishia maji ilikuwa imekauka na kupasuka, nikaamua kuvua kila kitu na kufunga upya mwenyewe. Shamba letu liko Karatu, tunalima ngano na maharage, na magugu yalikwisha kuanza.

Kabla ya kwenda Arusha kununua vifaa nilikaa chini na kalamu. Bumu lina nozeli 24, vile vichwa vidogo vinavyopuliza, moja kila sentimita 50. Ni zile za bluu, ambazo kwa presha ya baa 3 hutoa lita 1.2 kwa dakika, kwa hiyo zote pamoja ni kama lita 29. Halafu dawa lazima ikorogwe tangini muda wote, hasa ile ya unga, la sivyo inatuama. Kwa kukoroga nikatenga lita 30 kwa dakika. Jumla ni karibu 60, na pampu yetu imeandikwa 70. Nilishusha pumzi, maana pampu ndiyo yenye bei.

Maji yanatoka tangini, yanapita koki, chujio, pampu, kisha regyuleta ya presha inayorudisha ziada tangini, chujio la pili, na mwisho koki tatu za vipande vya bumu. Upande wa presha niliufunga kwa uangalifu mkubwa: mipira yenye nyuzi ndani, klipu mbili kila kiungo, tepu nyeupe kwenye kila thredi. Upande wa kunyonya nikaweka mpira wa kumwagilia bustani uliokuwepo nyumbani. Niliona hapo hakuna presha, maji yatashuka yenyewe.

Tulijaribu kwa maji matupu. Asubuhi ilienda vizuri. Jua lilipokuwa kali, sindano ya geji ya presha ikaanza kurukaruka, pampu ikanguruma kama inatafuna changarawe, na nozeli za pembeni zikawa zinatema badala ya kupuliza. Nikahangaika na regyuleta. Nikasafisha nozeli zote kwa mswaki. Wapi!

Baba mdogo alipofika hakuitazama hata geji. Aliinama chini ya tangi, akashika mpira.

"Mama, njoo uone."

Mpira ulikuwa umelainika kwa joto na kubonyea, kuta zake zimegusana, bapa kama chuchu ya ng'ombe aliyekwisha kamuliwa.

"Pampu inanyonya kama ndama," akasema. "Ukiipa mrija laini, inaufunga yenyewe."

Nikanunua mpira wenye waya wa kuzunguka ndani, wa inchi moja na nusu, nikaukata mfupi usiwe na kona. Pampu ikatulia, lakini maji tangini yalibaki meupe kwa mapovu. Hili lilinichosha kuliko lile la kwanza, kwa sababu upande wa kunyonya hauvuji nje, unavuta hewa ndani, na huoni hata tone. Nilichofanya ni kupaka povu zito la sabuni kwenye kila kiungo pampu ikiwa inazunguka. Kwenye kifuniko cha chujio povu likazama ndani mbele ya macho yangu. Oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Mpira wa kurudisha nao nikaushusha hadi karibu na sakafu ya tangi, maana ukimwaga kutoka juu unatengeneza povu.

Geji nikaihamishia kwenye bumu. Presha hupungua njiani kwenye machujio na mipira, na mimi nataka kujua ile inayofika kwenye nozeli. Kisha tukakinga kila nozeli kwa jagi la kupimia, dakika moja moja. Mbili zilitoa lita 1.4, zimelika, nikazibadilisha.

Kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde 50, inatoka lita 200 kwa hekta, yaani tangi moja kwa hekta 3, ekari saba na kidogo. Nilipigilia kigingi pale hesabu iliposema tangi litaisha. Tangi la kwanza lenye dawa liliisha hatua chache tu baada ya kigingi, na baba mdogo akanipungia mkono kutoka juu ya trekta.