Mchwa Waliokula Kenchi na Kampuni Iliyotoa Cheti

Kampuni iliyolipwa kuzuia mchwa inapolipua kazi, hasara haionekani siku hiyo wala mwezi huo. Huonekana baada ya miaka, pale fremu ya mlango inapobonyea chini ya kidole gumba, na kufikia wakati huo wenye nyumba wengi hapa Tanga huishia kulaumu udongo, kumlaumu muuza mbao au kunyamaza kabisa. Sheria ya Tanzania haimwachi mtu huyo mikono mitupu, ila inamtaka ajue anamdai nani, kwa msingi upi, na ana ushahidi gani kwamba dawa haikuwekwa inavyotakiwa. Mimi si wakili. Ninaandika kama mtu aliyemsaidia dada yake kufuatilia madai ya namna hii kuhusu nyumba yake ya Donge, na ninaamini kwamba madai mengi hukwama kwa sababu watu huanza na neno "uzembe" wakati silaha yao kubwa ni mkataba.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa mwenendo wa kawaida wa mambo, au hasara ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea. Mtu aliyelipwa kuzuia mchwa hawezi kusimama mbele ya hakimu na kusema hakujua kwamba mchwa wakipita watakula mbao. Mkataba si lazima uwe kitabu chenye mihuri: risiti, cheti cha dawa, muamala wa simu na ujumbe wa WhatsApp wenye bei na ahadi ya miaka ya udhamini vinaweza kuuonyesha, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ushahidi wa kielektroniki haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kama upo mkataba wa maandishi, uhakikishe umelipiwa ushuru wa stempu, kwa maana wakili wa upande wa pili hatakosa kuweka pingamizi.

Sababu nyingine ya kutanguliza mkataba ni muda. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya mkataba yana miaka 6, ilhali madai ya madhara yatokanayo na uzembe yana miaka 3 tu. Mchwa hawana haraka, na mara nyingi mwenye nyumba hugundua uharibifu katika mwaka wa nne au wa tano. Hesabu iliyo salama ni kuanzia siku dawa ilipopigwa, si siku ulipoona tundu la kwanza. Sheria hiyo inalegeza kamba pale mdaiwa alipoficha ukweli kwa udanganyifu, lakini udanganyifu ni jambo zito kuthibitisha na si busara kuutegemea.

Sasa tuje kwenye ushahidi, ambako ndiko mtu anakoshinda au kushindwa shauri. Anayedai ndiye anayethibitisha, na katika madai ya kiraia kiwango kinachotakiwa ni mizani ya uwezekano, yaani maelezo yako yaonekane kuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko ya upande wa pili. Kuonyesha tu kwamba mchwa wapo hakutoshi. Ni lazima uonyeshe kwamba wapo kwa sababu kazi haikufanywa. Hapa hesabu ndogo ya lita ina nguvu kuliko malalamiko ya kurasa kumi. Kiwango kinachotumika sana kwa dawa ya kuzuia mchwa chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, ni lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita ya mraba. Nyumba yenye sakafu ya mita za mraba 100 inahitaji takriban lita 500 kwa jamvi peke yake, kabla hujagusa pembeni mwa msingi. Mtu mwenye bomba la mgongoni la lita 20 angelijaza mara 25. Fundi aliyefika kwa dada yangu alikuja na bomba moja na kijana mmoja wa kumshikia, na kazi iliisha kabla adhuhuri haijaadhiniwa. Cheti alichoacha kilikuwa na nembo nzuri, muhuri na maneno "udhamini miaka 5", lakini hakikutaja jina la kiuatilifu, kiasi kilichochanganywa wala sehemu zilizopigwa. Cheti cha namna hiyo kinamsaidia mdai, kwa sababu kampuni inabaki bila kumbukumbu ya kujitetea nayo.

Mwakilishi wa kampuni alipokuja kukagua alimwambia dada, "Mama, mchwa ni kazi ya Mungu." Dada akamjibu kwamba hata yeye anamwamini Mungu, ila risiti aliyonayo haikutoka kwa Mungu. Baadaye mwakilishi huyo akageuza maneno: dawa za siku hizi hazina nguvu kama zile za zamani. Ni kweli kwamba dieldrin na chlordane, ambazo zilikaa ardhini kwa miaka mingi, zimedhibitiwa na Mkataba wa Stockholm wa 2001 kwa sababu ya sumu yake, na sioni wa kuzililia. Lakini hoja hiyo inamrudia mwenyewe: aliyejua kwamba dawa yake haidumu hakupaswa kuuza udhamini wa miaka 5.

Utetezi ambao unastahili kuogopwa ni wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba wewe mwenyewe ulivunja kinga: ulipasua sakafu ukapitisha bomba la maji, ulijenga kibaraza kipya, au ulirundika udongo wa bustani hadi juu ya msingi. Wa pili ni kwamba mchwa waliokula si wale waliotoka ardhini. Pwani tunao pia mchwa wa mbao kavu, ambao huingia kwenye mbao moja kwa moja bila kuhitaji udongo, na dawa ya chini ya jamvi haiwagusi. Alama zao hutofautiana. Wa ardhini hujenga vijia vya udongo vinavyopanda ukutani, wakati mwingine nyuma ya lipu, ambako ukigonga kwa kifundo cha kidole unasikia uwazi. Wa mbao kavu huacha punje ndogo ngumu zinazomwagika chini ya mbao. Kwa hiyo, kabla ya kubandua chochote, piga picha za vijia hivyo tangu sakafuni hadi kwenye kenchi, weka mchwa kadhaa kwenye kichupa chenye spiriti, hifadhi kipande cha mbao, na mwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa ashuhudie.

Uzembe unabaki kuwa njia ya maana pale ambapo huna mkataba na aliyepiga dawa. Mara nyingi mkandarasi ndiye aliyemwita mtu wa dawa, na hapo wa kushtakiwa kwa mkataba ni mkandarasi. Ukitaka kumfuata mtu wa dawa mwenyewe, unategemea wajibu wa uangalifu, yaani wajibu wa kutomdhuru kwa uzembe mtu anayeweza kuguswa na kazi yako, kanuni tuliyoipokea kutoka sheria ya kawaida ya Uingereza na ambayo mzizi wake wa kisasa ni shauri la Donoghue v Stevenson la 1932. Aliyenunua nyumba tayari imejengwa yuko katika njia nyembamba zaidi, na hapo ningeona wakili kabla ya kutumia shilingi nyingine.

Kuhusu nani wa kushtaki, upekuzi BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, utakuonyesha kama "kampuni" hiyo ni kampuni kweli au ni jina la biashara tu, na kama ni jina la biashara, anayewajibika ni mmiliki mwenyewe. Wengi hukimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba kwa sababu tu neno nyumba limo. Mgogoro huu si wa umiliki wa ardhi, ni wa huduma iliyolipiwa, na mahali pake ni mahakama za kawaida kulingana na kiasi kinachodaiwa. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, jambo ambalo limempunguzia mdai wa kawaida hofu nyingi.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ndiyo inayosimamia viuatilifu na wanaotoa huduma ya kuvitumia, na malalamiko kwake yanaweza kumgusa mtu wa dawa mahali panapomuuma. Tume ya Ushindani nayo hupokea malalamiko ya mlaji aliyepotoshwa. Usitarajie vyombo hivi vikujengee paa. Bima ya nyumba kwa kawaida haigusi mchwa.

Katika kiasi cha madai, epuka tarakimu za hasira. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba hasara mahususi, yaani ile inayohesabika kwa shilingi, lazima itajwe waziwazi na kuthibitishwa kikamilifu, kwa hiyo tathmini ya mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na risiti za mbao na ufundi ni bora kuliko makisio ya jirani. Vilevile usiache nyumba iendelee kuliwa ili deni likue, kwani sheria huangalia kama ulichukua hatua za kupunguza hasara. Toa taarifa kwa maandishi, ipe kampuni nafasi ya kukagua, kisha rekebisha.

Shauri la dada halikufika kwenye hukumu. Baada ya notisi ya wakili, kampuni ilikubali kulipia kenchi na fremu na kupiga dawa upya. Katika hati ya makubaliano tulisisitiza yaandikwe jina la kiuatilifu, jumla ya lita, sehemu za kutoboa sakafu, na kwamba dada au mtu wake atakuwepo kuhesabu mapipa yanapochanganywa.