Delphi bila tuwa (safari ya kupangiwa na kampuni) ya bei mbaya, mimi nilifanya hivi

Kwanza asanteni sana mlioniambia Ugiriki ni joto mwaka mzima, nisihangaike na koti. Delphi, yale magofu ya kale ya hekalu la mungu Apollo, iko ubavuni mwa mlima Parnassus jamani, na mwezi wa pili theluji ipo! Kikoi changu ndo kikageuka skafu.

La pili ni hili la "huwezi kwenda bila tuwa". Unaweza. Basi la kawaida kutoka Athens ni kama saa tatu hivi na nauli ni ndogo ukilinganisha na hizo tuwa. Ila Athens ina stendi mbili kubwa, na mtu wa mapokezi pale nilipolala akanielekeza kwa kujiamini kabisa Kifissos, nimefika naulizia Delphi kila mtu ananishangaa, kumbe mabasi yake yanaondokea Liosion, ikabidi nichukue taksi na hiyo taksi ilikula hela ya msosi wa siku mbili. Liosion, shika hilo.

Sasa ujanja wangu, na hapa naomba nijisifu. Mabasi ya tuwa yanatoka Athens asubuhi, kwa hiyo hayafiki mpaka saa tano huko. Mimi nikalala palepale kijijini, gesti za kawaida zipo, asubuhi geti linafunguliwa nipo mlangoni. Njia Takatifu, ile njia ya kale ya kupandia hekaluni, nzima yangu! Nikapanda taratibu mpaka hekalu la Apollo, ukumbi wa maonyesho, hadi uwanja wa mbio kule juu kabisa ambako wengi wa tuwa hawafiki maana muda wao umebana na magoti yanagoma. Wao wanaanza kupanda wanahema, mimi nashuka naelekea makumbusho, ambayo bado matupu kwa sababu wote wanaanza na magofu. Tiketi ni ileile moja, usitupe.

Kabla hujashuka, chini ya hekalu kuna ukuta wa mawe yaliyounganishwa kama vipande vya chungu kilichovunjika. Usogelee. Umeandikwa herufi ndogondogo, mamia ya mikataba ya kuachia watumwa huru. Mtumwa "anauzwa" kwa mungu Apollo, hela mara nyingi kaitafuta mwenyewe, na wengine wameandikiwa waendelee kumtumikia bwana mpaka afe ndo wawe huru kweli. Mimi mtu wa Bagamoyo, nikasimama hapo muda mrefu kuliko kwenye hekalu lenyewe.

Makumbusho, nenda moja kwa moja kwa yule Mwendesha Gari la Farasi. Sanamu ya shaba, urefu mita 1.8, ya miaka ya 470 KK, ilitolewa zawadi kwa Apollo na mtawala wa mji wa Gela huko kisiwa cha Sicily kwa ushindi wa mbio. Tetemeko la 373 KK likaifukia, ndo maana haikuyeyushwa kama nyenzake, Wafaransa wakaifukua 1896. Chuchumaa uangalie macho kwa chini: kope zipo, nyaya nyembamba za shaba, moja moja! Halafu miguu, vidole na mishipa kila kitu, wakati alikuwa amesimama ndani ya gari na hakuna ambaye angeiona. Fundi gani huyo.

Picha ruksa bila flashi, ila usipozi. Mimi nilijitia kushika hatamu kama yeye, mlinzi akanifokea kwa Kigiriki mpaka watoto wa shule wakacheka.

Tiketi ya kurudi chukua mapema, hasa Jumapili, maana Arachova, mji wa jirani, panajaa watu wa Athens waliokuja kuteleza kwenye theluji na wote wanataka basi hilohilo. Nikawaona wanagombania siti na mabegi yao, mimi dirishani na kikoi changu nimeshaanza kusinzia.