Siku ambazo sikimbii

Tangu Alphonce Simbu atwae dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, barabara ya Raskazone, hapa kwetu Tanga, imechangamka alfajiri. Alimaliza kwa muda wa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, na kila aliyeutazama ule mwisho alitamani kuvaa raba. Nafurahi sana kuwaona. Ila kuna jambo linajirudia na linaniuma: mtu anaanza kukimbia kila siku ya Mungu, wiki chache baadaye anachechemea, mara muundi, mara kisigino, kisha haonekani tena. Ukikutana naye sokoni anakwambia mwili wake haukuumbiwa mbio.

Mimi siamini hivyo. Katika mbio, kila hatua unatua kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wako, na saa moja ya mbio za kawaida ina hatua zinazokaribia 10,000. Mwenye kilo 60 apige hesabu mwenyewe. Moyo na mapafu huitikia mazoezi mapema. Haupiti muda unaona pumzi imetulia. Mifupa na kano hujijenga taratibu, kwa miezi. Watu wengi wanaumia hapo katikati, pumzi inaporuhusu na mguu bado. Moyo haujui kama unakimbia au unaendesha baiskeli, unachojua ni kazi tu. Muundi ndio unaojua.

Kwa hiyo mimi nakimbia Jumanne, Alhamisi na Jumapili. Ni mwalimu wa shule ya msingi, kutwa nimesimama ubaoni, sina nafasi ya kulala mchana kama mwanariadha wa kulipwa. Siku za kati nazipa kazi nyingine, na moja naiacha iwe ya mapumziko kamili.

Kazi ya kwanza ni baiskeli, na kwa hili watu wa Tanga tumejaliwa. Mji wetu ni tambarare, na baiskeli hapa haina mwenyewe maalumu: mama wa baibui anatoka Ngamiani na kapu lake, mwanafunzi anawahi kengele, muuza samaki ana tenga nyuma. Hakuna atakayekushangaa. Yangu ni ile nzito ya keria, haina gia, na inatosha kabisa.

Jambo la maana kuliko baiskeli yenyewe ni kimo cha kiti. Hili nilifundishwa na fundi mmoja mtu mzima pale Ngamiani, nilipompelekea aniongezee upepo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Kiti hiki kitakula magoti yako."

Akanipandisha, akashika usukani, akaniambia niweke kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka hapo. Ukirudisha pedali chini ya sehemu ya mbele ya wayo, goti linabaki limekunjika kidogo tu. Wengi mjini tunakaa chini mno kwa sababu tumezoea kutua miguu kwenye kila makutano, na mbele ya goti ndipo panapolipa. Toka alipokiinua, sijakigusa.

Kingine ni mzunguko. Mkimbiaji akipanda baiskeli hupenda kusukuma kwa nguvu za paja, polepole. Afadhali pedali nyepesi na za haraka, 80 hadi 90 kwa dakika. Mimi nahesabu mguu wa kulia kwa nusu dakika: ukifika 40 na ushee, niko sawa. Nikitaka kazi inayolingana na dakika 40 za mbio za pole, naendesha kama saa moja, kwa sababu baiskeli inakubeba na mapigo ya moyo huwa chini kidogo. Naenda kaskazini hadi Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kutoka mjini, au kusini upande wa Mwambani. Wakati wa kusi, ule upepo utokao kusini, naanza na kusini makusudi, nipambane na upepo nikiwa na nguvu na unisukume wakati wa kurudi. Barabara kuu ya kwenda Pongwe siipendi, malori ni mengi. Anayeipita alfajiri avae kitu cha kung'aa. Na maji ya kunywa yasisahauliwe, maana upepo unakausha jasho usijue umepoteza kiasi gani.

Kazi ya pili ni bahari, na hapa ndipo roho yangu ilipo.

Sisemi kuogelea peke yake, ingawa kuogelea ni kuzuri. Nasema kukimbia majini. Maji yakifika kifuani yanabeba sehemu kubwa ya uzito wako. Ukienda kina kirefu ukiwa na jaketi okozi, miguu haigusi chini kabisa, na mgongano na ardhi unakuwa sifuri. Unasimama wima, kifua mbele kidogo, mikono inakwenda kama barabarani, goti linapanda na mguu unasukumwa nyuma. Kosa la kawaida ni kuinama na kupiga maji kama mbwa. Ukifanya sawasawa, dakika tatu za nguvu na moja ya pole, ukirudia mara kadhaa, utatoka umechoka kweli na kesho yake miguu ni mipya. Usishangae mapigo ya moyo yakiwa chini kuliko ya barabarani, ndivyo maji yalivyo. Pima kwa pumzi. Kwenye zile dakika tatu usiweze kusema zaidi ya maneno machache.

Mwalimu wa ratiba hapa ni mwezi. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji kwetu hujaa karibu saa kumi jioni, yaani wakati shule imefungwa na bahari iko juu, safi, inakungoja. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: kujaa ni asubuhi ya saa nne, na jioni ukifika unakuta yamekupwa, kuna tope na mawe. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo mkifahamiana na wavuvi hamna haja ya kubahatisha. Mimi navaa suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu, dera linabaki mfukoni ufukweni, na siingii kamwe bila mwenzangu. Hili la mwenzako nalisema kwa uzito wote. Mkondo hauangalii una mbio kiasi gani.

Anayedhani haya ni mazoezi ya wagonjwa amfikirie Joan Benoit, mkimbiaji wa marathoni wa Marekani. Mwaka 1984 alipasuliwa goti siku 17 kabla ya mchujo wa Marekani wa Olimpiki. Asingeweza kukimbia, akapewa baiskeli ya kuzungusha kwa mikono ili moyo usilale. Akashinda mchujo, kisha akashinda marathoni ya kwanza ya wanawake katika Olimpiki, Los Angeles, kwa 2:24:52. Karibu zaidi na siku zetu yupo Parker Valby, ambaye majeraha yalishamsumbua sana: alitwaa ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 2023 akikimbia siku mbili tatu kwa wiki, siku nyingine akiwa bwawani na kwenye mashine ya mazoezi. Mwaka uliofuata alikuwa Paris kwenye fainali ya mita 10,000.

Mazoezi ya nguvu nayafanya nyumbani, kwenye ngazi ya baraza. Nainua visigino kwa mguu mmoja, nikishuka polepole hadi kisigino kipite ukingo wa ngazi. Seti moja goti limenyooka, nyingine limekunjwa, kwa sababu shavu la mguu lina misuli miwili na ule wa ndani hufanya kazi goti likikunjika. Kisha nalala chali na kuinua nyonga, halafu nalala ubavu nikiegemea kiwiko. Haya siyaweki siku ya kupumzika. Nayaweka jioni ya Alhamisi, siku ileile ya mbio kali, ili siku nyepesi ibaki nyepesi kweli.

Mpira wa bonanza siuhesabu humo. Najua nitabishiwa na kaka zangu wa Chumbageni, lakini kukata kona ghafla na kugongana magoti siku moja kabla ya mbio ndefu hakumpumzishi mtu. Chezeni kwa sababu mnaupenda, na siku hiyo muiandike kama siku ngumu.

Wala sisemi baiskeli na bahari vinachukua nafasi ya mbio. Mguu hujifunza kutua kwa kutua. Anayejiandaa kwa nusu marathoni ya Moshi lazima ile mbio ndefu ya Jumapili aikimbie, na lazima atafute vilima, ambavyo Tanga mjini hatuna. Wenzangu na mimi hupanda basi kwenda Muheza na kukimbia kuelekea Magoroto. Wiki mbili za mwisho kabla ya shindano napunguza kila kitu, baiskeli pia. Majini naingia mara moja moja, bila zile dakika tatu za nguvu, na zoezi nisilowahi kulifanya silianzi wakati huo hata nikiombwa na nani.