Jinsi nilivyozuia printk isigandishe mashine

Draiva ya Linux (programu inayoendesha kifaa) niliyokuwa naiandika iligandisha mashine kila data zilipozidi. Nilishuku kufuli za msimbo, zinazozuia sehemu mbili kugusa data moja kwa pamoja, nikazipekua zote kwa siku mbili. Hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mstari wangu mwenyewe wa printk, amri ya kuchapa ujumbe ndani ya kerneli (kiini cha Linux), niliouweka ndani ya kipande cha msimbo kinachopokea interapti, yaani ishara za kifaa zinazokatiza prosesa, ili niione rejista ya hali, inayoonyesha hali ya kifaa.

Piga hesabu. Konsoli ya siriali, waya ambako jumbe hizo hutokea, kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde hupitisha herufi 11,520 kwa sekunde, kila herufi ikichukua biti 10. Ujumbe wa herufi 80 unakula karibu milisekunde 7, na muda wote huo prosesa yangu ilikuwa inasubiri huku interapti zimefungwa. Zikija interapti 1,000 kwa sekunde, mashine haina pa kupumulia.

Badala yake nikaweka dev_warn_ratelimited, amri ya kuchapa yenye kikomo, ambayo kwa kawaida huruhusu jumbe 10 tu kila sekunde 5, kisha hutaja ngapi zimezuiwa. Jumbe za kila tukio nilizihamishia trace_printk, inayoandika kwenye bafa ya kumbukumbu bila kugusa konsoli. Hiyo naipenda sana, ila lazima uiondoe kabla ya kuwapa wengine msimbo. Kerneli yenyewe huchapa onyo kubwa ikiikuta.

Mashine ikatulia, na rejista hatimaye nikaisoma: biti ya 3 ilikuwa haifutwi.