Kabla ya kuchomeka kampa kwenye soketi ya kambi

Kwenye kambi za Arusha na Moshi, kipimo cha haraka cha soketi ni chaja ya simu. Ikiingiza chaji, basi umeme upo. Kwa kampa (gari lenye vitanda na jiko) hilo halitoshi: chaja haihitaji ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini), na nyingi hufanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240. Testa ya bisibisi nayo huonyesha laini tu, yaani waya unaoleta umeme.

Chukua mita ya digitali, iweke kwenye volti za AC, 600 au 750. Ukiitazama soketi yetu ya pini tatu bapa, ethi iko juu, laini kulia, nyutro (waya wa kurudisha umeme) kushoto. Matundu ya chini yana vifuniko vinavyofunguliwa na pini ya ethi. Usivisukume kwa kijiti (najua, kila mtu hufanya hivyo). Chomeka adapta yenye matundu wazi, upimie hapo.

Laini na nyutro zisome karibu 230. Chini ya 207 au juu ya 253, acha. Ikipanda kuelekea 400, nyutro ya fezi tatu imekatika, na friji haitadumu dakika. Laini na ethi zisome karibu sawa na kipimo cha kwanza, nyutro na ethi volti moja au mbili. Nyutro na ethi zikisoma 230, waya zimegeuzwa: swichi ya kampa itakata nyutro huku vifaa vikibaki na umeme.

Kibaya zaidi ni laini na ethi kusoma namba inayoyumba, 40, mara 90. Hapo ethi haipo. Kampa imesimama juu ya matairi ya mpira. Hita ikivujisha umeme, bodi nzima inabeba volti, nawe unashika mlango ukiwa umekanyaga majani mabichi ya masika. Ethi unakuwa wewe.

Yote yakiwa sawa, washa birika la wati 2000 kwenye soketi hiyo, upime tena likichemka. Kushuka volti 5 si neno. Ikishuka 20, waya ni mwembamba au skrubu imelegea. Gusa plagi, utakuta ina moto.

Kampa ya Marekani ya volti 120 haichomekwi bila transfoma, hata adapta ikiingia vizuri.

Zima breka ya kampa, unganisha kebo upande wa gari kwanza, soketi mwisho. Kebo iwe ya milimita za mraba 2.5, ikunjuliwe yote, maana ikibaki kwenye roli hupata joto hadi plastiki iyeyuke. Fyuzi ya plagi ni ampea 13, yaani takriban wati 3000: birika na pasi kwa zamu.