Printa mpya, inveta ya zamani

Printa yangu ilikufa Jumanne jioni, ikiwa katika ukurasa wa 43 wa TFC, ile kazi ya kumalizia masomo, ya kijana mmoja wa chuo kikuu. Ilivuta karatasi kama kawaida, ikaandika mistari miwili safi, wa tatu ukatoka kijivu, wa nne kama wa penseli iliyochoka, kisha weupe mtupu hadi chini. Nikaisafisha kichwa, pale wino unapotokea, mara tatu. Mara ya nne ikakoroma, taa mbili zikaanza kupokezana kuwaka, na tangu hapo haikukubali kitu, si kuchapa wala kuskani.

Kijana alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki hapo sebuleni, jalada la kazi yake mapajani. Defansi yake, yaani kuitetea kazi hiyo, ni kesho saa tatu asubuhi. Nikamrudishia flashi yake na nusu ya pesa, nikamwelekeza kwenye sekretaria, duka la kuchapia, moja ya mjini inayofunga usiku. "Haina neno, mama," akasema. Lakini nilimwona alivyotazama saa kabla hajafika hata mlangoni.

Nimeishi na mashine ile miaka sita hapa Bel-Air, mtaa wa Lubumbashi, Kongo. Kazi yangu ni kutafsiri na kusahihisha: Kifaransa, Kiswahili, na Kiingereza cha mikataba inayopanda kutoka upande wa Zambia. Ofisi yangu ni kona ya sebule. Kuna meza, kompyuta, kamusi tatu, na hiyo amprimanti kama tunavyoiita huku. Mtaani inajulikana kuliko mimi. Watu wakielekezana wanasema "kwa mama wa fotokopi", nami nina shahada ukutani.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba kila unaposafisha kichwa, wino unaosukumwa nje unakwenda chini kwenye sponji, na mashine inahesabu. Hesabu ikifika pale kiwanda kilipopanga, inajifunga yenyewe. Kuna vijana wanaoirudisha hesabu hiyo kwenye sifuri kwa programu ya kompyuta. Mwaka juzi nilimlipa mmoja, akaitoa sponji akaiosha kwenye beseni langu la kufulia. Beseni lile hadi leo lina mduara mweusi ambao sabuni haijaushinda. Sikutaka kurudia.

Na sponji haikujaa bure. Huku kwetu kuanzia Mei hadi Septemba mvua inatusahau, vumbi jekundu linaingia hata kwenye sahani zilizofunikwa, na hewa kavu inakausha wino kwenye matundu ya kichwa, ambayo ni membamba kuliko unywele. Mwezi wa nane nilisafiri wiki tatu, mashine ikakaa bila kuchapa hata ukurasa mmoja. Niliporudi nikawa nasafisha, nasafisha, na kila kusafisha kunaongeza hesabu kule chini. Kwa ufupi, niliimaliza mwenyewe nikidhani naitibu.

Usiku ule nilifanya hesabu niliyokuwa naikwepa miaka yote. Kartushi nyeusi ni dola 25, nayo ilikuwa ikinipa kurasa 180 hivi. Ni senti 14 kwa ukurasa, kabla hujaweka karatasi. Fotokopi natoza franka 200, ambazo hazifiki hata senti kumi za dola. Yaani miaka sita nimekuwa nikiwalipa majirani ili wanakili vyeti vyao kwangu. Mume wangu aliposikia alicheka hadi akakohoa.

Halafu nikafungua daftari. Tangu mwezi wa sita nimekuwa nikiandika kila kazi inayopita mezani, kwa ajili ya bei tu. Nikajumlisha mwezi wa saba: kurasa nilizochapa 412, fotokopi 96, nilizoskani 655. Nikajumlisha upya nikidhani nimekosea. Miaka yote najiona mtu wa kuchapa, kumbe wateja wangu wananiletea karatasi ili ziondoke zikiwa kwenye simu. Mkataba wenye mihuri, diploma, cheti cha kuzaliwa cha mtoto anayefuata baba yake ng'ambo, vyote vinaskaniwa, vinatafsiriwa, vinatumwa kwa WhatsApp. Karatasi yenyewe inatoka mara moja tu, mwishoni, ikapigwe muhuri.

Mdogo wangu, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, ni mhasibu, na wahasibu hawana shaka. "Yaya, achana na mambo ya wino. Nunua leza." Sababu zake zilikuwa nzuri. Tona, wino wa leza, ni unga, haukauki hata ukiuacha mwaka mzima. Unayeyushwa juu ya karatasi kwa joto la karibu nyuzi 200, kwa hiyo maji hayaufuti. Na mwendo wake ni kurasa 20 au 30 kwa dakika, wakati yangu ilikuwa ikichapa kama mzee anayepanda ngazi. Jumamosi akaniletea ya kwake nijaribu.

Hapa niseme kuhusu umeme. Mtaani kwetu unaondoka karibu kila siku, na hatujui utarudi saa ngapi. Huwa nawaza kwamba mji huu umekaa juu ya shaba, ambayo ndiyo nyaya zenyewe, na kule mto Lufira mitambo ya Mwadingusha inazalisha umeme tangu 1930. Basi, tuyaache hayo. Nina inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, ya VA 1000 na betri moja. Inabeba kompyuta, modemu, taa nne na simu za nyumba nzima, na kwa hayo tunaishi vizuri.

Umeme ukaondoka saa kumi na mbili na nusu. Nikaifunga leza kwenye inveta, nikabonyeza. Mashine ikaanza kuvuma, taa za sebule zikazama kama macho ya mtu anayesinzia, inveta ikalia piiii ndefu, kisha nyumba nzima giza. Kompyuta nayo ikaenda, pamoja na kipengele cha saba cha mkataba niliokuwa sijauhifadhi. Binti yangu akapiga makofi gizani, akadhani ni mchezo.

Ule moto wa kuyeyushia tona ndio mlaji. Leza inapojipasha inaweza kudai karibu wati 1000 kwa mkupuo, na hata ikiwa imeshika mwendo inaendelea kula mamia. Printa ya wino inayochapa inatosheka na wati 10 hadi 20 hivi, haifikii hata ile balbu ya zamani ya wati 60. Nikatafuta kijitabu cha inveta, ambacho sikuwahi kukitoa kwenye nailoni yake, nikamulika kwa simu. Ukurasa wa nne: isifungwe printa ya leza. Nilipompigia mdogo wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sisi ofisini tuna jenereta, yaya." Ningeweza kununua inveta kubwa na betri ya pili, lakini hapo printa ya dola 300 ingenigharimu zaidi ya mara mbili yake, na bado sijainunua hiyo printa.

Leza ikabaki mezani kwangu hadi Jumatatu, na ndiyo maana nilikuwa nayo mzee mmoja alipokuja. Ni papa, yaani baba mzee, wa mtaa wa pili, mgongo umepinda, shati limepigwa pasi. Alitoa kwenye mfuko wa ndani kitabu chake cha kazi cha enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, kabla ya 1967, kabla haijaja Gécamines iliyoirithi. Wajukuu wanataka kukituma kwa mtu anayefuatilia faili yake. Kitabu kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa. Pini zimeshika kutu, kona zimekuwa kama jani la tumbaku, na muhuri wa zambarau umefifia hivi kwamba inabidi ukielekeze dirishani ili uusome.

Umeme ulikuwepo. Mashine ile ina sehemu ya juu inayolisha karatasi yenyewe, unaweka rundo inameza moja moja, na kwa skani 655 kwa mwezi nilikuwa nimeshaipenda. Lakini karatasi kama ile ukiilisha kule inatoka vipande. Nikafungua kifuniko, nikakilaza kitabu kwenye kioo ukurasa kwa ukurasa, bila kukandamiza, na kurasa kumi na sita zikachukua karibu nusu saa. Papa alisimama pembeni muda wote. Kila nilipogeuza ukurasa alinyoosha mkono kidogo, kisha akaurudisha. Mwisho akauliza bei. Nikamwambia tutaonana siku nyingine, akakataa, akaacha franka 1,000 juu ya kamusi.

Basi nikajua ninachotafuta: kioo cha kulazia na mdomo wa kumeza karatasi, vyote viwili. Wino, lakini si wa kartushi. Na iwe ndogo kwa inveta.

Jumatano nikateremka mjini, kwenye maduka ya upande wa Posta. Printa za matangi zimejaa sasa, zile unazojaza wino kwa chupa. Muuzaji wa duka la pili, kijana mchangamfu, akanishika kwa lugha ya nyumbani: "Mama, hii njo muzuri. Haina kartushi, unamimina tu." Akataja dola mia mbili na makumi tatu. Ilikuwa na kioo, haina mdomo. Nikamwomba anichapie ukurasa wa maandishi, si ile picha ya kasuku wanayoipenda. Nikalamba kidole gumba, nikakipitisha juu ya neno "Attestation".

Likawa mkia wa buluu-nyeusi hadi ukingoni mwa karatasi.

Kijana akacheka: "Mama, nani atalamba karatasi?" Nikamwambia, mvua ya Januari. Watu wangu wanabeba vyeti mkononi, kwenye bahasha ya kaki ikiwa ni matajiri, na foleni za ofisini hazina paa. Wino mweusi una aina mbili. Kuna ule wa rangi iliyoyeyuka kabisa, unaonyweka ndani ya karatasi na kukimbia na maji, na kuna ule wa chembe ndogo zinazobaki juu na kushika. Kwa picha ule wa kwanza unapendeza. Kwa karatasi inayokwenda kupigwa muhuri siuweki nyumbani kwangu. Duka la tatu nikalamba tena, neno likabaki mahali pake na kidole kikatoka na kivuli tu.

Hiyo ndiyo niliyoichukua. Ina mdomo juu, ina kioo chini, na kitu ambacho siku zile za kusoma usiku kuhusu printa zilinifundisha kuuliza: sponji yake ya wino mchafu imo kwenye kisanduku unachochomoa mwenyewe na kuweka kingine. Beseni langu limeokoka. Ina hata faksi, sijui nitamtumia nani. Walianzia dola 320, tukamalizana 290. Sanduku linaahidi kurasa 6,000 kwa chupa moja nyeusi, lakini ahadi hizo hupimwa kwa kurasa nyepesi ambazo wino unafunika sehemu ndogo tu ya karatasi, takriban 5%, na TFC za watoto wetu zina jalada, majedwali, na picha za mgodi zilizokolea kama usiku. Nikipata 3,000 kwa chupa ya dola 15, ni nusu senti kwa ukurasa. Fotokopi ya franka 200 sasa inaacha kitu mezani.

Kuna moja linalonisumbua bado. Kwenye ile ya zamani kichwa kilikuwa kwenye kartushi, ukibadilisha kartushi umepata kichwa kipya. Kwenye hii kichwa ni cha kudumu, na hewa ikiingia au wino ukikauka ndani, matengenezo yake yanakaribia bei ya mashine. Msimu wa vumbi utarudi, siwezi kuuzuia. Nimeshona kifuniko kwa kipande cha kitenge kilichobaki kwenye nguo ya harusi ya shemeji, chenye tausi, na printa sasa imevaa vizuri kuliko viti vyangu.

Kumimina wino niliogopa kuliko kununua. Niliweka gazeti mezani, nikavaa glovu za saluni, nikaishikilia chupa ya kwanza kama mtu anayempa mtoto dawa. Mdomo wa chupa una umbo lake, hauingii kwenye tangi la rangi nyingine, kwa hiyo hata ukikosea hukosei. Chupa ikanywewa yenyewe, gulu gulu gulu, ikasimama yenyewe. Sikumwaga tone.

Inveta haikulia. Usiku wa kwanza bila umeme nilichapa kurasa 60 na taa hazikutikisika. Modemu ilikuwa imezima kwa sababu zake, lakini simu iliongea na mashine moja kwa moja bila intaneti, jambo ambalo muuzaji hakulitaja na ambalo kwangu mimi lina thamani kuliko faksi.

Ili kichwa kisikauke ni vizuri kila rangi ipite angalau mara moja kwa wiki, kwa hiyo tumepanga Jumatatu, na ukurasa wa Jumatatu anauchagua binti yangu. Wiki ya kwanza alichagua jogoo, wiki iliyopita samaki. Buluu imetoka vizuri. Njano ina pengo jembamba upande wa kushoto, karibu na mkia. Nimeandika tarehe nyuma ya karatasi, nitalinganisha na ya Jumatatu ijayo.