Siku moja maishani mwangu: navuna bei za friji na simu nikiwa Mombasa

Saa 11 alfajiri

Kazi yangu ni kukusanya kwa programu bei zilizo kwenye tovuti za maduka na kumpelekea mteja wangu, ambaye naye ana duka. Huanza kabla sijaamka. Seva niliyokodi iko Ujerumani na inafuata saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, kwa hiyo kwenye ratiba nimeandika 02:00. Kwa simu yangu hiyo ni 05:00, na kwa mamangu ni saa kumi na moja. Ukizichanganya hizo tatu unamletea mteja bei za jana ukiapa ni za leo.

Skripti, yaani programu fupi za kuvuna, nimeziandika kwa lugha ya Python. Nyingi zinatumia Scrapy, zana ya kusoma kurasa za tovuti, kwa tovuti ambazo ukurasa unakuja na kila kitu ndani. Chache zinahitaji Playwright, ambayo hufungua kivinjari kamili kisichoonekana, kwa sababu bei haitokei mpaka JavaScript, ile programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, imalize mambo yake. Hizi za pili zinakula kumbukumbu na zinachelewa, kwa hiyo siziendeshi ila nikikosa njia. Zinapita kwenye maduka ya simu na vifaa vya umeme, mengi ya Nairobi na machache ya huku Pwani, na kuchukua jina la bidhaa, bei, kama ipo dukani, na muda iliposomwa. Basi.

Alfajiri nimeichagua kwa makusudi. Maduka mengi ninayoyafuata yako kwenye seva za bei nafuu, zinazobeba tovuti nyingine kibao. Ukimvamia mtu wa Luthuli Avenue kule Nairobi kwa kurasa mia kadhaa kwa mpigo saa sita mchana, mnunuzi wa kweli aliyeko Thika atakuta duka halifunguki. Ndiyo maana nasubiri sekunde 5 kati ya ukurasa na ukurasa. Na kabla ya yote nasoma faili ya robots.txt, nione mwenye tovuti anaruhusu roboti zipite wapi. Utaratibu huo ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, ukaenda hivyo kama makubaliano ya waungwana hadi 2022 ulipochapishwa rasmi kama kiwango cha mtandao, RFC 9309. Hauna askari. Atakayetaka kuupuuza ataupuuza, na wapo wengi.

Saa 1 asubuhi

Mahamri, mbaazi za nazi, na logi ya usiku, orodha ya yote yaliyozipata skripti. Naanza na namba za majibu ya tovuti: 200 ni salama, 404 ukurasa umeondolewa, mara nyingi ni simu iliyokwisha sokoni, 429 duka linaniambia nimezidisha, na hapo skripti inapunguza mwendo yenyewe, 403 nimekatazwa.

Leo kuna 403 kutoka duka moja lililoweka ulinzi dhidi ya roboti. Ziko huduma za kupita ulinzi wa namna hii: anwani za mtandao (IP) za kukodi zinazoonekana kama za majumbani, hata watu wanaolipwa kutatua yale mafumbo ya kubofya picha za taa za barabarani. Mimi duka hilo nimelitoa kwenye orodha. Mwenyewe amesema hataki, na mji una maduka mengine.

403 angalau inajitangaza. Kinachoniharibia chai ni duka ambalo limejibu 200 kila ukurasa, bila kosa hata moja, na bado ripoti inasema friji yake ndogo inauzwa shilingi bilioni tatu na ushei. Nina kizuizi kinachoshika bei yoyote iliyopanda au kushuka kwa zaidi ya asilimia 40 usiku mmoja, kwa hiyo haikufika kwenye jedwali la mteja. Lakini lazima nijue kimetokea nini.

Saa 2 asubuhi nimo ndani ya feri ya Likoni. Humo hakuna kazi ya kompyuta inayofanyika, unashikilia begi lako tu.

Saa 3 asubuhi

Nafungua ukurasa wa ile friji na kuangalia HTML yake, yale maandishi ya ndani yanayoupanga. Duka linatumia WooCommerce, programu ya kuendesha duka la mtandaoni, na usiku wa jana limebadilisha mwonekano. Kwenye WooCommerce, bidhaa ikiwa na ofa, bei ya zamani inakaa ndani ya lebo ya del, ile inayochorwa mstari katikati, na bei mpya inakaa ndani ya ins. Mwonekano wa awali ulikuwa na bei moja tu. Huu mpya unaziweka zote mbili bega kwa bega, skripti imesoma maandishi yote ya kisanduku, ikaondoa mikato, na 32,999 ikabandikana na 28,499. Ndiyo hiyo 3299928499.

Ningeweza kuiambia isome ins peke yake na nikaendelea. Ila mwonekano ukibadilika tena mwezi ujao tutarudi pale pale. Njia ninayoiamini zaidi ni kuachana na kile kinachosomwa na macho ya mnunuzi, na kutafuta kile ambacho duka limewaandalia Google. Tovuti nyingi za biashara huficha ndani ya ukurasa kifurushi cha JSON-LD, yaani data iliyopangwa ili mashine zisome, kwa msamiati wa schema.org ambao Google, Bing na Yahoo waliuanzisha mwaka 2011. Humo vitu vimepangwa kwa majina: price ni 28499, priceCurrency ni KES, availability ni InStock. Hakuna mkato, hakuna "KSh", hakuna mstari katikati. Mwenye duka anataka bei yake itokee vizuri kwenye matokeo ya Google, kwa hiyo hata akibadilisha rangi na mpangilio wote, kifurushi hicho kwa kawaida kinabaki.

Naiendesha upya skripti kwa duka hilo peke yake. 28,499. Sawa.

Saa 5 asubuhi

Watu wakisikia "kuvuna data" wanafikiri ugumu uko kwenye kuvuna. Kuvuna kuna zana tele za bure, na mafunzo yake yamejaa YouTube. Kazi inayonilipa ni hii ya sasa: kujua kwamba kitu cha duka hili na kitu cha duka lile ni kitu kimoja.

Chukua Samsung Galaxy A16. Duka la kwanza limeandika "A16 4/128". La pili "Galaxy A16 128GB 4GB RAM". La tatu "Samsung A16 5G", na hiyo ni simu nyingine kabisa, maana A16 iko ya 4G na ya 5G. La nne limeandika "A16" tupu, na ukitaka kujua kumbukumbu ni ngapi usome maelezo hadi chini, ambako mtu amenakili maelezo ya A15 na kusahau kuyabadilisha. Ukija kwenye simu za bei kubwa kuna balaa la Ex-UK: simu iliyotumika Uingereza, imesafishwa, imewekwa kwenye boksi jipya, na wakati mwingine hilo neno Ex-UK limo kwenye picha tu, halimo kwenye maandishi. Skripti haioni picha. Mimi naona.

Kwa friji natumia namba ya modeli. Hiyo nayo ina vituko. Herufi ya mwisho mara nyingine ni rangi tu, mara nyingine ni mashine tofauti. Lita zinaandikwa kwa ujazo wote au kwa ujazo unaotumika, na duka halisemi ni upi. Programu yangu ya kufananisha majina inanipa mapendekezo na alama za ufanano. Zilizopata alama za juu sana napitisha, za katikati nasoma moja moja kwa macho. Hapo ndipo asubuhi yangu inapoishia.

Ile friji ndogo leo ina bei tano: 28,499, 28,999, 29,500, 29,999, na moja ya 19,800. Mteja wangu anaiuza 30,500. Ukichukua wastani wa kawaida unapata kama 27,359, na mwenye duka ataambiwa amewazidi wenzake kwa elfu tatu na zaidi. Ukizipanga na kuchukua ya katikati unapata 28,999, na tofauti inakuwa elfu moja na mia tano. Bei moja ya ajabu imepotosha hesabu nzima. Kwa hiyo nampelekea ya katikati, na 19,800 naiwekea alama nyekundu: ipigiwe simu.

Saa 7 mchana

Swala, kisha wali kwa maharage pale kwa mama lishe. Hapana la kusimulia.

Saa 8 mchana

Duka la mteja wangu liko karibu na Digo Road. Mwenyewe ni mama wa makamo aliyeanza kuuza redio kabla mimi sijazaliwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, leo nani ananiua?"

Namfungulia jedwali. Haangalii chati nilizozichora kwa bidii, anaangalia jina la duka na bei. Akifika kwenye 19,800 anacheka. Anamwita kijana wake, "Hebu wapigie hawa, waambie wataka friji, waja kuchukua sasa hivi." Kijana anaweka simu kwenye spika. Sauti ya upande wa pili inasema ile imeisha jana, lakini ipo nyingine nzuri zaidi, elfu thelathini na moja.

Basi hiyo si bei, ni chambo. Kwenye tovuti bado imeandikwa ipo. Tangu nianze kukaa na mama huyu nimeongeza safu mpya kwenye jedwali: bei iliyothibitishwa kwa simu. Hakuna zana ya kuvuna itakayokupa safu hiyo. Na yale maduka ya Instagram yanayoandika "bei njoo inbox" ndiyo hayavuniki kabisa. Huko ni kijana na simu yake.

Nilidhani atashusha hadi 28,500. Hakushusha kiasi hicho. Hesabu yake ni kwamba mtu wa Mombasa anayenunua Nairobi atalipa usafiri, friji itapakiwa basini, na ikifika na kibonyeo hana wa kumlilia. Yeye anapeleka hadi mlangoni kisiwani Mombasa kote. Ameiweka 29,900, na juu yake anampa mteja kile kifaa cha kulinda friji umeme unapopanda na kushuka, ambacho yeye anakinunua kwa jumla.

Kila siku namwekea pia kiwango cha dola kutoka tovuti ya Benki Kuu ya Kenya, maana mzigo wake unatoka nje. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, halafu ndani ya miezi michache ikateremka hadi kama 130. Nikamuuliza mbona basi bei za madukani haziteremki kwa kasi hiyo. "Mzigo ulio ndani nimeununua kwa dola ya juu," akanijibu. "Nishushe, hasara nimpe nani?" Tangu hapo nikiona duka linashusha bei mapema kuliko wenzake, naandika pembeni: huenda amepokea mzigo mpya.

Saa 9 na nusu alasiri

Mpwa wa mama mwenye duka ananivuta pembeni. "Kaka, hiyo mashine yako si inaweza kututolea namba za wauzaji wote wa kwenye tovuti za matangazo? Tuwatumie SMS."

Inaweza, tena kwa urahisi. Lakini bei ya friji ni habari ya friji; jina na namba ya simu ni data ya mtu, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Faini yake inafika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Namba kuwa wazi mtandaoni hakumaanishi mwenyewe amekubali umtumie matangazo.

Akanitajia ile kesi ya Marekani ya hiQ, kampuni iliyovuna data za LinkedIn, ule mtandao wa wafanyakazi, kwamba mahakama ilisema kilicho wazi ni halali kukichukua. Watu wanaipenda hiyo nusu. Aprili 2022 mahakama ya rufaa kweli iliegemea upande wa hiQ kuhusu sheria ya udukuzi. Novemba mwaka huo huo mahakama ya chini ikaona hiQ ilivunja masharti ya matumizi ya LinkedIn, na Desemba wakamaliza kwa maelewano. Na hata ingeishia pale Aprili, ni California, si hapa Digo Road. Hakuridhika, lakini soda alininunulia.

Saa 10 na nusu jioni

Nusu saa ya mwisho ni ya utafutaji: wanunuzi wanaandika nini Google. Natumia Google Trends, nikikumbuka kwamba inatoa kipimo cha 0 hadi 100 kulinganisha maneno, haitoi idadi ya watu. Wapo washauri wanaoiuza kana kwamba ni idadi. Naongezea mapendekezo yanayojitokeza unapoanza kuandika. Mnunuzi wa hapa anaandika jina la bidhaa na kumalizia "price in Kenya". Kurasa za mama zina namba ya modeli peke yake kwenye kichwa, kana kwamba mnunuzi anatembea na katalogi. Namwandikia vichwa vipya: aina, lita, idadi ya milango, kisha modeli.

Saa 3 usiku

Nimeshafika nyumbani na ratiba ya kesho nimeihakiki, ujumbe unaingia WhatsApp: "Mwanangu zile ndogo mbili zimetoka leo. Kesho niangalizie majiko ya gesi."

Majiko ya gesi ni kesi nyingine. Kuna ya mezani ambayo nusu hayana namba ya modeli, na kuna ya kusimama, ya gesi tupu au gesi tatu na umeme moja, sentimita 50 kwa 50 au 60 kwa 60, na oveni ya gesi au ya umeme, na maduka yanayaita yote "jiko la oveni". Nimefungua robots.txt za maduka mawili mapya. Moja linaruhusu, la pili limefunga kurasa zote za bidhaa. Nimeliongeza la kwanza na kumjibu: "Sawa mama. Naanza na ya 60 kwa 60. Ya mezani nipe hadi Ijumaa."